Soda ya mheshimiwa na swali lililokwama kooni

  

Leo nina safari. Hatuendi Bagamoyo kula pweza, wala Kigamboni kupunga upepo. Tunakwenda Kibaha, halafu jioni tunapanda Kisarawe, na tunakwenda kwenye presi ya mheshimiwa.

Naona wengine mmeshaanza kununa: aah, siasa tena! Tulieni bwana. Hii ni habari ya soda moja baridi niliyokunywa, ambayo mpaka leo sijamaliza kuilipa.

Kwa wale ambao hawajawahi kuingia, mkutano wa kiongozi na waandishi wa habari, ambao sisi tumeufupisha tukauita presi, una mila zake kama harusi. Mnaambiwa saa nne, mheshimiwa anafika saa saba. Kuna meza kuu yenye kitambaa na maua ya plastiki. Kuna afisa anayezunguka na karatasi ya kusaini, na kila akipita, shingo zinamfuata. Halafu kuna soda, na kama mambo ni mazuri, sambusa mbili kwenye kisahani.

Siku ninayoisema ilikuwa Kibaha, miaka kadhaa kabla ya 2020. Mheshimiwa simtaji, wala ofisi yake siitaji, msinibembeleze. Alikuwa mgeni mkoani, amekuja kwa ziara ya siku moja: asubuhi Kibaha, jioni Kisarawe. Waandishi tulikuwa kama kumi na tano hivi. Nusu tulikuwa na vyombo vyetu, nusu walikuwa wale wanaoitwa makanjanja, hawana gazeti wala redio, ila sambusa ikikaangwa Kibaha wanaisikia harufu wakiwa Chalinze.

Mheshimiwa akasoma taarifa yake kwa saa nzima. Madarasa, zahanati, mikopo ya akina mama, kila kitu kikapigiwa makofi. Ndiyo msomaji, waandishi tulipiga makofi. Mwandishi kupiga makofi kwenye presi ni sawa na refa kushangilia bao, lakini siku ile hakuna aliyeliona hilo. Mikono ilikuwa imeshazoea.

Mara likaja tangazo: "Maswali mawili tu, mheshimiwa ana haraka." Mwenye haraka ndiye huyo huyo aliyechelewa saa tatu.

Swali la kwanza likachukuliwa na kanjanja mmoja mwenye suti. Akakohoa, akasema, "Mheshimiwa, nini siri ya mafanikio yako?" Mheshimiwa akatabasamu mpaka jino la mwisho likaonekana. Jibu likachukua robo saa.

La pili likachukuliwa na dada mmoja aliyekaa nyuma, karibu na mlango. Alikuwa ripota wa kujitegemea, yaani analipwa kwa habari iliyotoka gazetini. Isipotoka, hana chake. Jina lake nalihifadhi, nitamwita Dada tu.

Dada akasimama, akaamkia kwa adabu zote, kisha akauliza. Mtambo wa maji wa Ruvu Juu uko hapa hapa kwetu, Mlandizi. Bomba linafuata Barabara ya Morogoro kwenda Dar es Salaam, linapita karibu na nyumba za watu. Kwa nini watu hao hao wananunua maji ya madumu? Na Kisarawe, ambako mheshimiwa anakwenda jioni, lini watapata maji ya bomba ya uhakika?

Jamani! Ukumbi ulitulia kama msibani. Ungedondosha sindano ungeisikia.

Mheshimiwa akavua miwani. "Wewe binti, unatoka chombo gani?"

Dada akataja.

"Nani kakutuma?"

Hapo ndipo Dada aliponimaliza. Akajibu taratibu, bila kiburi, "Nimetumwa na ndoo ya mama, mheshimiwa. Iko tupu tangu Jumapili."

Wawili watatu wakacheka. Walipoiona sura ya mheshimiwa, kicheko wakakimeza kikavu. "Uandishi umesomea wapi wewe? Ndiyo nyie mnaochafua sifa ya serikali! Huyu mwangalieni." Hakumtaja wa kumwangalia, lakini kila mtu aligeuka kutazama mlango kama kuna askari anaingia. Presi ikafungwa.

Karatasi ikaanza kuzunguka. Ilipofika kwa Dada, ikamruka. Eti orodha imejaa. Ilipofika kwangu haikuwa imejaa. Nikasaini, nikapokea bahasha ya kaki, ndani yake shilingi 20,000 za "nauli", wakati nilikuja na gari la serikali na nilikuwa naondoka na gari la serikali.

Mnajua wenzetu walimwambiaje Dada pale nje? "Umetuharibia. Sasa Kisarawe watatubeba kweli?" Hakuna hata mmoja aliyesema swali lilikuwa zuri. Mimi nilikuwa nimeinama namalizia soda yangu kwa mrija, naangalia viatu.

Magari yalipoondoka, Dada aliambiwa nafasi hakuna. Sasa kwa wasioijua jiografia ya Pwani: Kibaha na Kisarawe ni wilaya za mkoa mmoja, lakini mtu wa kawaida akitaka kutoka moja kwenda nyingine kwa daladala, anapitia mkoa wa watu, Dar es Salaam. Dada akapanda gari la kwenda Mbezi, akaunga mpaka Gongo la Mboto, akaunga tena, akapita Pugu, akapanda vilima mpaka Kisarawe. Nauli yake mwenyewe, jua lake mwenyewe.

Bahati nzuri waheshimiwa hula mchana. Wakati Dada anashuka stendi, mheshimiwa alikuwa ndiyo kwanza anakaribishwa kwenye mkutano wa hadhara. Baada ya taarifa ile ile na makofi yale yale, wananchi wakaruhusiwa kuuliza. Akasimama bibi mmoja wa Kizaramo, kanga begani, mkono kiunoni.

"Mwanangu," akasema, "mie nimezaliwa hapa, nimeolewa hapa, nimezeekea hapa. Maji ya bomba nayasikia kwa wageni. Yanakuja lini?"

Swali ni lile lile! Mimi nikajikunyata, nikisubiri "unatoka chombo gani". Wapi bwana. Mheshimiwa akainama kidogo, akasema, "Shikamoo bibi yangu. Suala lako ni la msingi sana, na tunalifanyia kazi." Makofi.

Nikageuka nyuma. Dada alikuwa amesimama kwenye kivuli cha mwembe, viatu vyekundu kwa vumbi, anaandika. Kesho yake kutwa habari yake ikatoka ukurasa wa ndani, fupi, imebeba swali la bibi. Zetu sisi tuliopanda magari zilitoka zote zinafanana mpaka koma.

Tangu siku ile nimekuwa najiuliza: swali ni moja, mheshimiwa ni mmoja, siku ni moja. Kwa nini la Dada lilikuwa tusi, na la bibi likawa suala la msingi?

Jibu la haraka ni kura. Bibi anapiga kura, na nyuma yake kuna wajukuu. Sawa, lakini Dada naye anapiga kura. Nadhani jibu lenyewe liko kwenye soda.

Huku kwetu Uswahilini, ukialikwa pilau ukala, huwezi kumgeukia mwenye nyumba ukamuuliza nyama kaipata wapi. Utaonekana huna adabu, na ni kweli huna. Mgeni anakula, anashukuru, anaomba maji ya kunawa. Sasa mheshimiwa akiita presi, akatoa gari, akatoa soda, akatoa bahasha, moyoni mwake kaalika wageni. Mgeni akiuliza, mwenye nyumba anashtuka: mbona nimemlisha huyu? Bibi wa Kisarawe hakulishwa na mtu. Alikuwa amesimama kwenye ardhi yake, mheshimiwa ndiye mgeni.

Lakini tulize akili kidogo. Soda ile ilinunuliwa na nani? Mafuta ya lile gari? Kitambaa cha meza kuu? Ni kodi ya yule muuza madumu, ya kondakta wa Gongo la Mboto, na ya bibi mwenyewe kila anaponunua kiberiti. Kwa hiyo kwenye presi mwenye nyumba ni mwananchi. Mwandishi ni mtoto wa nyumbani aliyetumwa kuuliza hesabu, na mheshimiwa ndiye aliyepewa pesa ya soko. Mtoto akiuliza chenji iko wapi, si ukorofi.

Na msidhani kuwa viongozi wote wanaogopa maiki. Machi 1995 Mwalimu Nyerere, akiwa ameshastaafu, alikutana na waandishi Hoteli ya Kilimanjaro jijini Dar es Salaam, akazungumzia zile nyufa za taifa ambazo watu wanazinukuu mpaka leo: Muungano, kupuuza Katiba, rushwa, ukabila, udini. Mwalimu alikuwa mkali, tena sana, lakini alijua kuchekesha, na alikaa mbele ya waandishi kama mtu anayejua kwamba bila wao maneno yake yataishia mlangoni.

Kisarawe nayo iliwahi kupata mtu wa kamera. Julai 2018 Jokate Mwegelo aliteuliwa mkuu wa wilaya hiyo. Huyu mnamjua, vijana wangu: mshindi wa pili wa Miss Tanzania 2006, mwigizaji, mwenye nembo ya Kidoti. Mwaka 2019 akaja na kampeni ya Tokomeza Zero ya kupambana na sifuri za mitihani, na jina la Kisarawe likaanza kusikika mpaka kwenye saluni. Mtu aliyekulia kwenye kurasa za udaku, akaulizwa kuhusu nguo, nywele na wachumba, atababaishwa na swali la madawati? Namwachia msomaji.

Na maji? Juni 2020 Rais John Magufuli alizindua mradi uliopandisha maji kutoka Kibamba mpaka Kisarawe. Sisemi Dada ndiye aliyeyaleta, wala bibi. Miradi ina watu wake na fedha zake. Ninachosema ni kwamba swali lililoitwa uchochezi Kibaha lilikuwa swali lenye jibu. Lilihitaji bomba tu.

Tukiacha vilima vya Kisarawe tukashuka mjini, kuna presi moja ambayo kila mwandishi na kila kiongozi wa nchi hii angepaswa kuikumbuka kabla ya kushika maiki. Usiku wa Machi 17, 2017, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, aliingia ofisi za Clouds Media akiwa na askari wenye silaha. Waziri wa Habari wakati huo, Nape Nnauye, akaunda kamati kuchunguza. Jukwaa la Wahariri nalo likatangaza kutoandika habari za mkuu huyo wa mkoa. Machi 23 Nape akaondolewa uwaziri.

Siku hiyo hiyo akaita waandishi kwenye hoteli moja Oysterbay. Kabla hajasema kitu, akazuiwa, na mtu aliyevaa kiraia akamchomolea bastola mchana kweupe, kamera zinaona. Nape akaishia kuzungumza akiwa amechomoza kwenye paa la gari lake, waandishi wamelizunguka.

Sasa sikilizeni utamu wa dunia. Nape huyo huyo ndiye aliyekuwa amesimamia bungeni Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, sheria ambayo waandishi waliilalamikia mpaka sauti zikakauka, na ambayo Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki ilisema baadhi ya vifungu vyake vinakiuka mkataba wa Jumuiya. Januari 2022 akarudi kwenye kiti cha habari. Februari mwaka huo akatangaza kuyarudishia leseni magazeti manne yaliyokuwa yamefungiwa: MwanaHALISI, Mawio, Mseto na Tanzania Daima. Mwaka 2023 Bunge likaifanyia marekebisho sheria ile. Julai 2024 akaondolewa tena uwaziri.

Simcheki Nape, maana bastola si mchezo. Najifunza tu kwamba meza kuu ni kiti cha kukodi. Leo unamfokea ripota, kesho unamhitaji akushikie maiki juu ya gari.

Na kwetu Pwani tuna kidonda ambacho hakijafunga. Azory Gwanda alikuwa mwandishi wa kujitegemea kama Dada, akiandikia Mwananchi kutoka Kibiti, wakati ule ambapo polisi na viongozi wa vijiji walikuwa wanauawa na watu wasiojulikana. Novemba 21, 2017 aliondoka na watu waliomfuata. Mpaka leo hajaonekana. Julai 2019 Profesa Palamagamba Kabudi, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, aliulizwa na BBC, akajibu kwa maneno yaliyoeleweka kuwa Azory ametoweka na kufariki. Kelele zilipopigwa, akasema hakueleweka, hana uthibitisho kama yuko hai au la. Ona jinsi swali moja dogo, "yuko wapi?", lilivyo zito.

Kutoka Kibiti hadi Kibaha ni mkoa ule ule. Ndiyo maana mheshimiwa aliposema "huyu mwangalieni", sisi wa Pwani hatukuchukulia kama utani. Mwaka 2012, Septemba 2, Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa kwa bomu la polisi kijiji cha Nyololo, Mufindi, akiwa kazini. Askari mmoja alikuja kuhukumiwa kifungo mwaka 2016. Mwangosi hakuwa na silaha yoyote. Alikuwa na kamera.

Halafu kuna ile kitu inaitwa saa 48. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inawapa wakuu wa mikoa na wilaya uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani kwa muda usiozidi saa 48, pale wanapoamini anahatarisha amani au ametenda kosa, na sababu ziandikwe. Sheria haisemi mtu awekwe ndani kwa kuuliza maji yanatoka lini. Lakini ripota wa wilayani, ambaye habari moja inamlipa pesa isiyofika nauli, hana wakili mfukoni wa kumkumbusha mkuu kifungu hicho. Anachojua ni kwamba leo Ijumaa, na saa 48 zinaisha Jumapili.

Huko Marekani nako hawajambo. Novemba 2018 Donald Trump alikorofishana kwenye presi na Jim Acosta wa CNN, na Ikulu yao ikamnyang'anya kibali cha kuingia. Tofauti ni kilichofuata. CNN ilikwenda mahakamani, na Fox News, ambao ni washindani wao wakubwa, wakaiunga mkono. Siku chache baadaye hakimu akaamuru kibali kirudishwe. Kumbe mahasimu nao wanaweza kusema "huyu ni wetu". Sisi wa Kibaha tulishindwa kusema hivyo kwa mtu tuliyekaa naye kiti kimoja.

Sasa tusiwe mabingwa wa kuwasema waheshimiwa tu. Sisi waandishi tuna madudu yetu. Tunaingia kwenye presi hatujasoma hata karatasi tuliyopewa mlangoni. Tunauliza swali lenye hotuba ndani yake, mheshimiwa analala, anaamka, bado tunauliza. Tunamwekea mtu maneno mdomoni, kesho yake tunajificha. Kiongozi akilalamika kwa hayo ana haki, na Baraza la Habari Tanzania, lililoanzishwa 1995, liko kwa kazi hiyo ya kusikiliza malalamiko. Aende huko. Kufoka mbele ya watu si rufaa.

Na wenye vyombo nao wasinunue sura ya upole. Mwenye gazeti asiyemlipa ripota wake nauli anamuuza kwa mheshimiwa kwa bei ya soda. Ile bahasha ya kaki tunaiita takrima, mshiko, kitu cha vocha, tunaipamba majina kama bibi harusi. Kwa ripota wengi wa mikoani, ukweli ni kwamba ile ndiyo mshahara. Mtu akilipwa mshahara na anayemuuliza maswali, maswali yataulizwa na nani?

Kwa vijana mnaosoma kona hii, hasa nyie wenye simu kali mnaotaka kuwa waandishi, na hata nyie msiotaka, nina mawili ya kuwanong'oneza.

La kwanza: si lazima uwe na kadi ya uandishi ndipo uulize. Ibara ya 18 ya Katiba inakupa haki ya kupata habari kama mwananchi. Na kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Unaandika barua kwa ofisi ya umma, unaeleza unachotaka, nao wanatakiwa wakujibu ndani ya siku 30. Andika, piga nakala, peleka, dai mhuri kwenye nakala yako. Barua haiulizwi inatoka chombo gani.

La pili ni kwa waheshimiwa watarajiwa, maana mmo humu humu, nawajua kwa jinsi mnavyopenda kushika maiki kwenye sherehe. Kuna jibu zuri sana ambalo halina gharama: "Sijui, lakini nitafuatilia, nawajibu Jumatatu." Halafu Jumatatu ujibu. Hakuna aliyewahi kupoteza cheo kwa jibu hilo.

Sasa Dada je? Nilikutana naye siku moja Maili Moja. Ameacha uandishi. Anauza nguo za watoto, na biashara si mbaya. Baada ya ile siku, simu za mialiko ziliacha kuja, mhariri akaanza kumwambia "habari zako zina matatizo", na mapato yakakauka pole pole mpaka akaona bora mtaji wa mtumba.

Nikamwambia, "Dada, siku ile ulikuwa jasiri sana."

Akacheka. "Kaka, mimi si jasiri. Niliogopa mpaka magoti yakagongana. Angesimama mtu mmoja tu akasema mheshimiwa, naomba ujibu swali lake, ningekuwa bado kazini."

Sikuwa na la kujibu. Nikamwambia basi nimnunulie soda. Akanitazama, akauliza, "Hii unalipa mwenyewe?"

Nililipa mwenyewe. Ila ile ya Kibaha bado. Ndiyo maana nimeandika haya, na ndiyo maana nawaomba ndugu zangu wa kalamu: presi ijayo, mwenzako akiulizwa nani kakutuma, weka chini soda, nyoosha mkono, na ulirudie swali lake neno kwa neno. Likirudiwa na watu kumi na tano, hakuna atakayeweza kuwaruka wote kwenye karatasi.

Tukutane wiki ijayo panapo majaaliwa. Nitaongelea mada nyepesi, mahari. Ole wake atakayesema nayo ni siasa.